Mwandishi wa Upelelezi Anapokuchagulia Vitabu vya Kiangazi

Kila inapokaribia likizo ya kiangazi katika nchi za kaskazini, waandishi wa riwaya za upelelezi huwaandikia wasomaji wao barua ambayo umbo lake limeshazoeleka. Nusu ya kwanza inataja vitabu ambavyo mwandishi amejiwekea pembeni avisome wakati wa joto. Nusu ya pili ni habari zake mwenyewe: kitabu kipya kinatoka lini, mfululizo unaendelea au umesimama, jalada limebadilika, tafsiri ipi imekamilika. Wasomaji wengi hurukia nusu ya pili, kwa kuwa wana mpelelezi wanayempenda na wanataka kujua atarudi lini. Nadhani wanaruka sehemu yenye faida zaidi. Katika fasihi ya upelelezi orodha ya mwandishi ni uhakiki, na pengine ndiyo uhakiki pekee unaoweza kufanyika hadharani bila kukiharibu kitabu.

Shida ya kuhakiki fasihi hii anaijua kila aliyewahi kujaribu kumsimulia rafiki riwaya iliyomkosesha usingizi. Riwaya ya mapenzi unaweza kuieleza mwanzo hadi mwisho, na msikilizaji bado akaenda kuitafuta. Riwaya ya upelelezi ina kurasa mbili tatu ambazo nyingine zote zimeandikwa kwa ajili yake, na hizo ndizo ambazo mhakiki haruhusiwi kuzigusa. Agatha Christie alipotoa The Murder of Roger Ackroyd mwaka 1926, kilichowagawa wasomaji kilikuwa suluhisho lenyewe: wengine walisema wamechezewa rafu, wengine wakasema hawajawahi kuona ustadi wa namna ile. Karibu miaka 100 imepita na bado ubishi huo hauwezi kuelezwa vizuri mbele ya watu, kwa sababu ukieleza tu umemwaga mtama kwenye kuku wengi. Kwa hiyo mhakiki wa gazeti hubaki akizungukazunguka. Atasifu mandhari, atataja tabia za mpelelezi, atasema lugha inatiririka. Juu ya kiini cha kitabu, yaani namna kilivyoundwa, ananyamaza.

Matokeo yake ni kwamba maandishi maarufu zaidi ya uhakiki katika uwanja huu yameandikwa na watu waliokataa kunyamaza, au na watu ambao hawakujali. Mwaka 1944 Raymond Chandler, mwenyewe mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliandika katika jarida la The Atlantic insha yake The Simple Art of Murder. Humo aliichukua The Red House Mystery, riwaya ya A. A. Milne ya mwaka 1922, akaifungua kipande kwa kipande, mwisho wake ukiwa nje nje, ili aonyeshe kwamba polisi yeyote mwenye akili timamu angeimaliza kesi ile mapema. Kisha akamwelekeza msomaji kwa Dashiell Hammett, mwandishi wa upelelezi wa Marekani. Tukiondoa ukali wake, insha ile ni orodha ya kusoma: acha huyu, mshike yule. Imedumu kwa sababu Chandler alikuwa fundi aliyekuwa akieleza kazi ya fundi mwingine, na hakuwa na haya ya kufichua.

Wakati huohuo, upande wa pili, alikuwepo Edmund Wilson, mhakiki mkubwa wa Marekani ambaye hakuwa mwandishi wa upelelezi. Aliandika katika The New Yorker mwishoni mwa 1944 kwamba haoni watu wanapata nini katika vitabu hivi. Wasomaji wakamjibu kwa barua nyingi, na barua zile zilikuwa na orodha: hujasoma vilivyo bora, jaribu hiki na kile. Wilson akajaribu. Mojawapo ya vitabu alivyopendekezewa kilikuwa The Nine Tailors cha Dorothy L. Sayers, cha mwaka 1934, ambamo kuna habari nyingi za upigaji wa kengele za kanisa. Akakiita miongoni mwa vitabu vya kuchosha kuliko vyote alivyowahi kukutana navyo, na akakiri kwamba sehemu kubwa ya mambo ya kengele aliiruka. Januari 1945 akatoa insha ya pili akiuliza ni nani anajali aliyemwua Roger Ackroyd, na akaliweka pendo la riwaya hizi mahali fulani kati ya uvutaji sigara na kujaza mafumbo ya maneno gazetini.

Kisa hicho hunivutia kwa sababu kinaonyesha orodha ikifeli. Wasomaji wale walikuwa na mapenzi ya kweli, na The Nine Tailors ni kitabu kizuri. Walichokosa ni kumwambia Wilson akisome vipi. Aliyezoea kuandika fumbo angemwambia mapema: zile kengele usiziruke hata ukichoka, kila ukurasa wake una kazi. Hilo halitoboi siri yoyote, lakini linabadilisha usomaji mzima. Fundi cherehani akishika nguo hugeuza ndani aone mshono, na orodha nzuri ya mwandishi ndivyo inavyofanya: inakuelekeza mahali pa kutazama bila kukwambia utaona nini.

Mifano bora ya kazi hii haimo katika barua wala magazetini. Imo ndani ya riwaya zenyewe. Waandishi wa upelelezi, kuliko waandishi wa aina nyingine yoyote, wana mazoea ya kuwafanya wahusika wao wazungumzie vitabu vya wenzao, na ukizifuatilia rejea hizo unagundua jambo ambalo hakuna tangazo la mchapishaji litakalokueleza.

Anza na John Dickson Carr. Katika The Hollow Man ya mwaka 1935, ambayo Marekani iliuzwa kwa jina The Three Coffins, mpelelezi wake Dakta Gideon Fell anasimamisha hadithi katika sura ya 17. Anawaambia wenzake waziwazi kwamba wao wamo ndani ya hadithi ya upelelezi na hakuna haja ya kujifanya hawamo, kisha anatoa mhadhara juu ya mauaji ndani ya chumba kilichofungwa kwa ndani: njia zote ambazo waandishi wamewahi kuzitumia, ipi ni ya heshima na ipi ni ya aibu. Ni ujasiri wa ajabu, kwa sababu riwaya yenyewe ina chumba cha aina hiyo na msomaji bado hajapewa jibu. Katikati ya mhadhara Fell anakitaja kitabu anachokiona bora kupita hadithi zote za upelelezi zilizowahi kuandikwa: Le Mystère de la chambre jaune, yaani fumbo la chumba cha njano, cha Mfaransa Gaston Leroux.

Sasa nenda Japani. Mwaka 1946 Seishi Yokomizo alianza kuitoa kwa sehemu riwaya yake The Honjin Murders, iliyokuja kushinda tuzo ya kwanza kabisa ya chama cha waandishi wa upelelezi wa Japani mwaka 1948. Mapema kabisa katika hadithi, msimulizi anajiuliza kisa alichonacho mkononi kinafanana na kipi kati ya vile alivyovisoma, na katika vitabu vya vyumba vilivyofungwa anavyovipitia kimo kile cha Leroux.

Halafu Christie. Katika The Clocks, ya mwaka 1963, mpelelezi wake Hercule Poirot ni mzee asiye na kazi. Kesi hazimjii tena kama zamani, kwa hiyo amejifungia nyumbani anasoma riwaya za upelelezi na kuzitolea hukumu kwa mgeni aliyemtembelea. Anaisifu The Leavenworth Case ya Anna Katharine Green, iliyotoka mwaka 1878, miaka 9 kabla ya Sherlock Holmes kuonekana. Ana neno jema kwa Arsène Lupin, mwizi wa hadithi za Kifaransa. Na akifika kwa chumba cha njano, anakiita kitabu cha daraja la juu. Hatimaye, mwaka 1987, Yukito Ayatsuji akaandika The Decagon House Murders, kuhusu wanafunzi wa klabu ya riwaya za upelelezi ambao wanaitana kwa majina ya waandishi wa Magharibi. Yupo Ellery, yupo Agatha, yupo Carr, yupo Poe. Yupo na Leroux.

Mmarekani aliyeishi Uingereza, Mwingereza, na Wajapani wawili waliopishana miaka 41. Hakuna kati yao aliyekuwa akimfurahisha Leroux, kwani alikuwa amefariki tangu mwaka 1927. Ukitaka ushahidi kwamba kitabu fulani kina kitu, huu unatosha hata kwa mahakama kali. Na bado, ukimwuliza msomaji wa kawaida leo juu ya Leroux, kama amemsikia basi amemsikia kwa sababu ya yule mzuka wa jumba la opera, wa riwaya yake nyingine. Chumba cha njano kimebaki kuwa kitabu cha mafundi.

Kilitoka kwa sehemu katika jarida la L'Illustration mwaka 1907. Binti wa mwanasayansi anashambuliwa usiku chumbani mwake, pembeni mwa maabara ambamo baba yake yuko kazini. Mlango umefungwa kwa ndani. Dirisha lina vyuma na halijaguswa. Mlango unavunjwa, binti anakutwa anavuja damu, na mshambuliaji hayumo. Anayelishughulikia jambo hili ni Rouletabille, mwandishi wa habari kijana mno. Ramani ya mahali imo kitabuni. Njia ya siri ukutani, ambayo ndiyo ulaghai wa kwanza ambao msomaji angeushuku, imeondolewa mezani tangu mapema. Kila kitu kipo wazi, na hakuna kinachosaidia. Kwa nini suluhisho lake liliwafanya watu wa hadhi ya Carr wavue kofia, hapo nami nimefungwa mikono kama mhakiki mwingine yeyote. Nitasema tu kwamba ukimaliza, rudi usome tena saa na dakika za usiku ule.

Nguvu ya orodha ya mwandishi iko hapo: inapotaja kitabu ambacho hakimwingizii anayekitaja hata senti. Kipimo changu cha barua za kiangazi ni rahisi, na pengine ni kikali mno. Nahesabu marehemu. Orodha yenye vitabu sita, vyote vya mwaka huu, vyote vya waandishi walio hai, vyote vikiwa vitauzwa katika maduka yaleyale kwa msimu uleule, ni tangazo lenye adabu. Orodha yenye kitabu kimoja cha zamani kilichotajwa kwa sababu mahususi ni ushahidi. Sisemi waandishi hudanganya. Wanasaidiana. Huyu anaandika sentensi ya sifa kwa ajili ya jalada la mwenzake, mwakani mwenzake anarudisha fadhila, na wote wawili pengine wana wakala mmoja. Sentensi inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikawa imezaliwa na deni.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Biashara ya vitabu imewakatalia. Aprili 2013 ilitoka riwaya The Cuckoo's Calling ya mtu aliyeitwa Robert Galbraith, ambaye hakuna aliyemjua. Waandishi wenzake walikuwa wameisifu, akiwemo Val McDermid, na wahakiki waliifurahia. Iliuza kidogo tu. Julai mwaka huohuo gazeti la Sunday Times likafichua kwamba Galbraith ni J. K. Rowling, mwandishi wa Harry Potter, na mara moja kitabu kikapanda kileleni mwa orodha za mauzo. Kurasa zilikuwa zilezile, sifa zilezile. Ninalolichukua katika kisa hicho ni kwamba waliokisifu kabla ya Julai walikisifu kwa sababu ya kitabu, kwani jina halikuwa na cha kuwapa. Sifa zao zilikuwa na thamani kubwa na soko halikuzitilia maanani.

Msimu wenyewe, lazima tukumbuke, ni kitu kilichotengenezwa. Hakuna chochote katika jua kinachodai maiti maktabani. Huko Marekani, Henry Holt alianza mwaka 1872 kutoa mfululizo wa vitabu vya saa za mapumziko, na wachapishaji wa karne ile ya 19 wakajifunza kwamba watu wanaopanda treni kwenda mapumzikoni hununua vitabu. Uingereza, mchapishaji wa Christie alipenda kuuza kitabu chake kipya kama zawadi ya Krismasi. Italia, kampuni ya Mondadori ilianza mwaka 1929 kutoa riwaya za upelelezi kwa majalada ya njano, na rangi hiyo ikageuka kuwa jina la fasihi yenyewe. Wanorwei wao wakaangukia Pasaka. Mwaka 1923 tangazo la riwaya kuhusu wizi ndani ya treni ya Bergen liliwekwa ukurasa wa mbele wa gazeti la Aftenposten, likiwa limeandikwa mfano wa kichwa cha habari: treni imeporwa usiku. Kuna watu waliamini ni kweli. Tangu hapo Pasaka ya Norwei imekuwa msimu wa mauaji ya vitabuni, hata katoni za maziwa huchapwa hadithi fupi za upelelezi. Anayekwambia kiangazi ndicho wakati wa kusoma aina hii anakwambia kalenda ya mchapishaji. Isome wakati wowote.

Kinyume cha orodha ya msimu ni ile iliyoanza Buenos Aires mwaka 1945. Mwandishi wa Argentina Jorge Luis Borges na rafiki yake Adolfo Bioy Casares walipewa na kampuni ya Emecé jukumu la kuchagua riwaya za upelelezi za kutafsiriwa kwa Kihispania. Mfululizo ukaitwa El Séptimo Círculo, duara la saba, mahali ambapo mshairi wa Italia Dante aliwaweka wenye dhambi za ukatili katika safari yake ya jehanamu. Kitabu cha kwanza kilikuwa The Beast Must Die cha Nicholas Blake, ambalo ni jina la kubuni la mshairi Cecil Day-Lewis, yule aliyekuja kuwa mshairi rasmi wa taji la Uingereza mwaka 1968. Borges alikuwa ameshafanya mazoezi: kati ya 1936 na 1939 aliandika safu ya vitabu katika jarida la El Hogar, na riwaya za upelelezi hazikukosekana humo. Mfululizo ule ulikuja kupita vitabu 300, ingawa si vyote vilivyochaguliwa na wao wawili.

Ninapenda mfano huo kwa sababu gharama yake ilikuwa halisi. Kutaja kitabu katika barua hakugharimu chochote. Kukichagua kitafsiriwe, kichapwe na kipelekwe sokoni kwa jina lako ni kuweka shingo. Na ulikuwa uchaguzi wa kutoka lugha nyingine, jambo ambalo orodha nyingi za kiangazi za waandishi wa Kiingereza hazilifanyi, au hulifanya kwa kitabu kimoja cha Skandinavia kilichotupiwa mwishoni. Yokomizo alisubiri hadi mwaka 2019 ndipo The Honjin Murders ikasomwa kwa Kiingereza, miaka zaidi ya 70 baada ya kuandikwa, ilhali yeye alikuwa amewasoma waandishi wao. Kiswahili kina mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tangu Mzimu wa Watu wa Kale ilipochapwa mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la East African Literature Bureau. Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, wanamjua Sherlock Holmes vizuri sana, na mwandishi wao hakulificha hilo. Sijaona orodha ya kiangazi ambayo mwandishi wa London au New York anaonyesha kwamba upande wa pili nao umesomwa.

Kuna kitu kingine cha kuangalia katika orodha, nacho kinaunganisha nusu mbili za barua. Ni vitabu visivyo vya upelelezi. Waandishi wengi, wanapokuwa katikati ya kuandika fumbo, huepuka mafumbo ya wenzao, ama kwa hofu ya kuiga bila kujua, ama kwa sababu wamechoka. Husoma historia, kumbukumbu za kesi, vitabu vya sumu, miongozo ya kazi za mikono. Christie alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na riwaya yake ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles, ilisifiwa na jarida la wafamasia kwa kuielezea sumu kwa usahihi. Sayers aliweka ndani ya The Nine Tailors dondoo kutoka vitabu vya wapiga kengele. Kama Sayers angewaandikia wasomaji barua wakati akikiandaa kitabu hicho, orodha yake ingejaa kengele, na msomaji makini angekuwa amepata habari kubwa kuliko tarehe yoyote ya kutoka. Mwandishi akikutajia ghafla vitabu vitatu juu ya nyuki, usiulize riwaya ijayo inahusu nini.

Tukija kwenye habari zenyewe, hapa ndipo waandishi wengi huniudhi. Wanatangaza tarehe na jalada, mambo ambayo muuzaji yeyote angeyasema. Wanaacha mambo matatu ambayo msomaji anayahitaji na ambayo mwandishi peke yake ndiye mwenye mamlaka ya kuyasema.

Moja ni mpangilio: je, ni lazima nianze na kitabu cha kwanza? Wengine hujibu kwamba kila kitabu kinajitegemea, halafu katika kitabu cha tano unakuta mhusika anamtaja kwa jina mwuaji wa kitabu cha pili. La pili ni majina. Christie ndiye mfano mbaya zaidi: Murder on the Orient Express ya mwaka 1934 iliuzwa Marekani kama Murder in the Calais Coach, na wapo wengi walionunua kitabu kilekile mara mbili wakidhani wamepata kipya. Sentensi moja katika barua ingewaokoa.

La tatu ndilo zito: mfululizo huu utakwisha? Msomaji wa mfululizo ameingia katika ahadi ambayo haikuandikwa popote. Arthur Conan Doyle aliivunja Desemba 1893 alipomtosa Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach katika jarida la The Strand, na wasomaji walikasirika kana kwamba wamefiwa. Alimrejesha kwanza kwa mlango wa nyuma, katika The Hound of the Baskervilles iliyoanza kutoka mwaka 1901 na ambayo matukio yake ni ya kabla ya kifo, kisha mwaka 1903 akakubali kumfufua waziwazi. Charles Dickens hakupata nafasi ya kuamua. Alifariki Juni 1870 akiwa ametimiza nusu tu ya The Mystery of Edwin Drood, sehemu 6 kati ya 12, na watu bado wanabishana juu ya kilichompata Drood.

Christie alijifunza kwa wote wawili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliandika kesi ya mwisho ya Poirot akaihifadhi, ili mpelelezi wake asije akaachwa njiani. Curtain ilitoka mwaka 1975. Tarehe 6 Agosti mwaka huo, kiangazi katikati, The New York Times liliweka ukurasa wa mbele tanzia ya Poirot, mtu ambaye hakuwahi kuishi. Sijui habari nyingine kwa wasomaji iliyowahi kutangazwa kwa heshima kubwa kiasi hicho. Hata hivyo Poirot hakuachwa apumzike: kwa idhini ya warithi, Sophie Hannah alianza mwaka 2014 kuandika riwaya mpya za Poirot. Naelewa sababu za kibiashara. Kama msomaji, nilikuwa nimeshaagana naye.

Maj Sjöwall na Per Wahlöö wa Sweden walichagua njia ya uaminifu: walipanga vitabu 10, wakaandika 10, kati ya 1965 na 1975, wakaishia hapo. Wahlöö alifariki mwaka uleule wa kitabu cha mwisho. Na Sue Grafton wa Marekani, aliyevipa vitabu vya mfululizo wake majina kwa mfuatano wa alfabeti, akaanza na A mwaka 1982 akafika Y mwaka 2017, alifariki Desemba ya mwaka huo kabla ya kuandika Z. Familia yake ikawaambia wasomaji kwamba hakutakuwa na mwandishi mwingine wa kuimalizia, kwa kuwa yeye mwenyewe hakutaka. Alfabeti inaishia Y. Ni habari ya kuumiza, lakini ndiyo aina ya ukweli ninaoutafuta kila nifunguapo barua ya mwandishi wa mfululizo, na mara nyingi ninakuta picha ya jalada.

Atakayeniuliza aanzie wapi kiangazi hiki, nitampa chumba cha njano kwanza, kisha The Hollow Man, kwa mpangilio huo, kwa sababu mhadhara wa Dakta Fell unagusa mengi ya waliomtangulia na ni afadhali umkute umeshamsoma Leroux. The Honjin Murders ifuate. Curtain iache hadi uwe umesoma vitabu vya Poirot vingi kiasi cha kuhisi hasara. Na ukinunua toleo jipya la kitabu chochote kati ya hivi, utangulizi uruke, uje uusome mwishoni, kwa sababu wanaouandika hudhani kila mtu anamjua mwuaji.